P2004: usinunue manifoldi kabla hujauona mkono ukisogea

Swali: "Habari fundi. Gari langu ni la petroli, injini ya lita 2.0, silinda nne, na limeshatembea kilomita 140,000. Taa ya injini imewaka, mashine imesoma P2004. Injini ikiwa baridi inatetemeka, na nikiondoka gari halivuti mpaka lipate joto na mizunguko ipande. Nikishashika kasi naona liko sawa. Fundi wa kwanza anasema manifoldi ya kuingizia hewa imekufa, ibadilishwe nzima. Wa pili alifuta msimbo, taa ikazima, siku chache baadaye ikarudi. Sasa anataka kung'oa vilango vilivyomo ndani ya manifoldi ili tusahau habari yake. Nimsikilize yupi? Na je, naweza kuendelea kuliendesha?"

Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Wa kwanza huenda ikaja kuonekana alisema kweli, ila hajathibitisha. Wa pili amefuta ushahidi kisha anataka kuvunja kinachoshtakiwa. Dalili ulizozieleza zimepangika vizuri, na kwa jinsi zilivyo, hitilafu hii mara nyingi iko nje ya manifoldi, kwenye mpira wa hewa au valvu ndogo ya umeme ambayo mtu huifikia bila kufungua kitu kikubwa.

Kwanza tuelewane kinachozungumzwa hapa. Kila silinda ina njia yake ya hewa kutoka kwenye manifoldi. Injini ikizunguka polepole, hewa inayopita humo ni kidogo na mwendo wake ni wa uvivu, kwa hiyo haichanganyiki vizuri na petroli, hasa ikiwa injini ni baridi na petroli inagoma kugeuka mvuke. Watengenezaji wakaweka vilango kwenye njia hizo, vyote vimeshikwa na shafti moja. Vikifungwa, hewa inalazimika kupita kwenye sehemu finyu, inaongeza kasi na kuingia silinda ikijizungusha, na moto unawaka vizuri. Mizunguko ikipanda, tuseme kwenye 3,500 au 4,000 kwa dakika kutegemea injini, vilango vinafunguka ili injini ipumue kwa nafasi. Kuna muundo mwingine ambao vilango havibani njia bali vinachagua kati ya njia ndefu na fupi, ndefu kwa mizunguko ya chini na fupi kwa ya juu. Namna ya kuupima haitofautiani sana.

P2004 maana yake kompyuta iliamuru vilango vifunge, na taarifa iliyorudi ikasema bado viko wazi, upande wa kwanza wa injini. Injini yako ya silinda nne ina upande mmoja tu, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Wenye V6 na V8 wataona pia P2005, ambayo ni hitilafu hiyohiyo upande wa pili. P2006 ni kinyume chake, vilango vimeganda vikiwa vimefungwa. Kuanzia P2008 hadi P2010 ni malalamiko ya umeme wa kitu kinachosukuma vilango, na P2014 hadi P2018 ni ya sensa inayosema vilango viko wapi. Tofauti hizo si za kupita juu juu. Mtu mwenye P2009 akianza kusafisha kaboni anapoteza siku yake, na mwenye P2004 akikimbilia kununua sensa anabahatisha.

Dalili zako na msimbo wako vinaelewana. Vilango vikibaki wazi muda wote, injini itateseka ikiwa baridi na kwenye mizunguko ya chini, lakini juu itakuwa sawa kabisa kwa sababu huko ndiko vinakotakiwa kuwa wazi. Ungeniambia gari linaanza vizuri halafu linakata pumzi ukilikanyaga barabara kuu, huku mashine ikisoma P2004, ningeanza kushuku sensa inadanganya. Ndiyo maana huwa namuuliza mwenye gari analionaje gari kabla sijauliza mashine imesema nini. Kwa hiyo naamini vilango vyako kweli viko wazi. Kilichobaki ni kujua kwa nini havifungi.

Mnyororo una pingu tatu: amri inatoka kwenye kompyuta, mkono unaoizungusha shafti ya vilango unasogea, taarifa inarudi kwenye kompyuta. Kazi yote ya kutafuta hitilafu hii ni kujua mnyororo umekatikia wapi. Aliyesema manifoldi imekufa amerukia katikati bila kugusa mwanzo wala mwisho.

Kabla ya kushika spana, usiruhusu msimbo ufutwe tena. Msimbo unapowekwa, kompyuta huhifadhi pamoja nao picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mizunguko, joto la maji, mwendo wa gari, mzigo wa injini. Ukiifuta, picha hiyo inapotea. Isome na uiandike. Ikionyesha maji yalikuwa na nyuzi 20 na gari limesimama, ujue kosa linatokea injini ikiwa baridi, na vipimo vyote uvifanye injini ikiwa baridi. Ikionyesha nyuzi 90, huenda kuna kitu kinakwama au kinavuja kikishapata moto. Kuhusu taa kukaa siku chache kabla ya kurudi, usidhani gari lilipona kisha likaugua tena. Misimbo mingi ya aina hii huhitaji kosa lionekane kwenye safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Safari ya kwanza huwekwa kama msimbo unaosubiri, na mashine nyingi zinaweza kuuonyesha ukizitaka. Kwa hiyo gari lako halikuwa zima hata siku moja.

Sasa fungua boneti utafute kinachosukuma ile shafti. Utakuta moja kati ya vitu viwili. Kama ni kopo dogo la duara, bapa, lenye mpira mwembamba unaoingia ndani yake na fito inayotoka, hilo linatumia vakyumu, yaani nguvu ya injini ya kufyonza hewa. Kama ni kiboksi cha plastiki chenye soketi ya nyaya tano au sita na hakina mpira wa hewa, hiyo ni mota ya umeme, na mara nyingi sensa imo humohumo. Nitaanza na vakyumu kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi.

Kuna swali moja ambalo watu wengi hawalijibu kabla ya kupima: injini ikiwa imezimwa, vilango vinakaa wapi? Kwenye injini nyingi za petroli, springi ndani ya kopo huviacha wazi, na vakyumu ndiyo huvifunga. Mtengenezaji anafikiria kwamba kitu kikiharibika ni afadhali gari lipumue kuliko libanwe. Lakini zipo zilizotengenezwa kinyume. Jibu la swali hili linageuza maana ya msimbo wako. Kama springi ndiyo inayofungua, basi P2004 inaelekeza kwenye upungufu wa nguvu: mpira umepasuka, diaframu ya kopo (utando wa ndani) imetoboka, solenoidi (ile valvu ndogo ya umeme) haipitishi, waya umekatika. Kila kitu kinachozuia vakyumu isifike kinatoa P2004. Manifoldi kuziba kwa kaboni inawezekana, lakini inakuwa nyuma kabisa kwenye foleni. Kama springi ndiyo inayofunga, mambo yanageuka, na kaboni au kitu kilichokwama vinapanda mbele.

Jibu lake unalipata bila kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, angalia mkono ulipo. Kisha mtu awashe injini ikiwa baridi, wewe ukiwa unautazama, mikono na nguo mbali na mikanda na feni. Kwenye injini nyingi mkono unapaswa kuruka mara tu injini inapowaka, kisha urudi ukikanyaga mafuta hadi mizunguko ya juu. Ukisogea mwendo wake wote kwa uhakika huku kompyuta bado inalalamika, pingu mbili za kwanza ni nzima na tatizo liko kwenye taarifa. Usiposogea, au ukisogea nusu, shida iko kabla ya sensa, na kununua sensa hakutasaidia kitu.

Usiposogea, zima injini na uusogeze mkono huo kwa kidole. Unatakiwa kusogea ukiwa na upinzani wa springi tu, laini mwanzo hadi mwisho, na ukiuachia urudi wenyewe. Ukihisi unakwaruza, unakwama katikati au unarudi kwa uvivu, ndani kuna kaboni au shafti imechakaa. Usiulazimishe kwa koleo. Mikono mingi siku hizi ni ya plastiki, na ukishauvunja umemsaidia yule fundi wa kwanza kuwa sahihi.

Ukisogea vizuri kwa kidole lakini injini haiusogezi, tafuta vakyumu imeishia wapi. Hapa pampu ya mkono ya vakyumu yenye saa yake inakulipa mara mia. Chomoa mpira kwenye kopo, unganisha pampu, vuta hadi inchi 15 au 20 za zebaki, yaani takriban kilopaskali 50 hadi 68. Mkono unatakiwa uende mpaka mwisho na sindano ya saa itulie hapohapo. Sindano ikishuka, diaframu imetoboka na kopo ndilo baya. Ikitulia na mkono ukafika mwisho, kopo ni zima, fito ni nzima, na vilango vimesogea. Kipimo hicho kimoja cha dakika mbili tayari kimeitetea manifoldi yako.

Huna pampu? Injini nyingi zinakupa njia ya mkato. Chukua mpira mzima, chomeka upande mmoja kwenye bomba la vakyumu ya moja kwa moja kutoka kwenye manifoldi, upande wa pili kwenye kopo, ukiiruka solenoidi kabisa, kisha washa injini. Kopo likivuta, umepata jibu lilelile.

Kopo likiwa zima, rudi nyuma kwenye mpira. Injini isiyo na tabo, ikiunguruma tu bila kukanyagwa, hutoa inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye usawa wa bahari, na hupungua kiasi cha inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Pima kwenye mpira unaoingia kwenye solenoidi, usipime kwenye manifoldi peke yake, kwa sababu unachotaka kujua ni kiasi kinachofika. Mipira ya vakyumu huoka kwa joto la injini. Inakuwa migumu, inapasuka kwenye mikunjo na pale inapovikwa kwenye bomba, na ufa wenyewe mara nyingi uko upande wa chini ambao huuoni. Ichomoe uikunje mkononi. Ukisikia inalia kama kijiti kikavu, badilisha yote ya eneo hilo.

Kwenye njia hiyo huwa kuna valvu ya njia moja, na baadhi ya magari yana kitangi kidogo cha plastiki kinachohifadhi vakyumu. Vipo kwa sababu ukikanyaga mafuta mpaka chini, vakyumu ya manifoldi inakaribia kuisha, na bila akiba kopo lingeachia wakati halijaambiwa. Valvu hiyo ipulize kwa mdomo: upande mmoja ipitishe, upande wa pili izuie kabisa. Kitangi mara nyingi kimefichwa chini ya manifoldi au karibu na bampa, na kikipasuka hakuna anayekikumbuka. Magari ya dizeli na mengi yenye tabo hupata vakyumu kutoka pampu inayozungushwa na injini, hivyo vipimo vyake vinakuwa vya juu zaidi, na pampu yenyewe ikichoka breki zitakuambia kabla ya msimbo.

Mashine ya kusoma misimbo inaweza kukusaidia hapa kwa njia ya mzunguko. Angalia marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa juu ya asilimia 10 chanya injini ikiunguruma tu, kisha yakashuka kuelekea sifuri ukipandisha hadi mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia bila kupimwa, na huenda ni mpira huohuo unaotafuta. P0171 (msimbo wa mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo) ikiwa imeongozana na P2004, mimi nisingeshangaa kukuta zote mbili zina mama mmoja.

Sasa solenoidi. Hii ni valvu ndogo yenye soketi ya nyaya mbili na mipira miwili. Kompyuta ikiipa umeme inapitisha vakyumu kwenda kwenye kopo, ikiuondoa inafunga na kuruhusu hewa ya nje iingie ili kopo liachie. Chomoa soketi, washa funguo bila kupiga stata, na upime waya mmoja baada ya mwingine dhidi ya hasi ya betri. Mmoja unatakiwa kuwa na volti za betri. Usipoukuta umeme huo, tafuta fyuzi na rilei kabla ya kingine chochote. Waya wa pili ndio ambao kompyuta huupeleka kwenye hasi inapotaka kazi ifanyike. Chomeka taa ya majaribio kati ya nyaya hizo mbili na uwashe injini baridi: taa ikiwaka, kompyuta imetoa amri na nyaya ni nzima. Upinzani wa solenoidi yenyewe kwenye magari mengi huwa kati ya omu 20 na 40, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri inatakiwa kubofya kwa sauti unayoisikia na vakyumu ipite.

Usichukulie kubofya peke yake kuwa ushahidi. Solenoidi inaweza kubofya vizuri huku tundu lake limeziba kwa vumbi. Ina kichujio kidogo cha sponji pale inapopumulia hewa ya nje, na hicho kikiziba, vakyumu inanaswa ndani ya kopo hata umeme ukiwa umekatwa. Mwenye gari la aina yako ambaye sponji yake imeziba atapata P2006 badala ya P2004, na atalalamika kwamba gari linakosa pumzi juu. Wengi wamefungua manifoldi kwa sababu ya kipande cha sponji kisichozidi ukucha.

Kama gari lako lina mota ya umeme, sehemu yote ya mipira inaondoka na pampu unaiweka kando. Hapa unategemea zaidi mashine inayoweza kuamuru. Iamuru ifunge na ifungue, ukitazama mkono kwa macho na nafasi kwenye skrini kwa wakati mmoja. Usiipe mota hii umeme wa betri moja kwa moja kama ulivyoifanyia solenoidi, kwa sababu nyingi zina saketi ya kielektroniki ndani na utaiunguza. Kabla ya kuilaumu, chomoa soketi uangalie kama kuna mafuta ya injini au kutu kwenye pini. Injini ya dizeli ya Mercedes-Benz OM642 inajulikana kwa hilo: mafuta yanayovuja kwenye mfumo wa kupumulia wa injini yanashuka hadi kwenye mota ya vilango iliyo chini katikati ya V, na kubadilisha mota bila kuziba uvujaji ni kununua ugonjwa uleule mara ya pili.

Tuje kwenye taarifa. Sensa nyingi zina nyaya tatu: volti 5 kutoka kwenye kompyuta, hasi, na waya wa ishara. Pima hizo tano kwanza, halafu hasi, ambayo isizidi volti 0.1 ukilinganisha na hasi ya betri. Vikiwa sawa, pima ishara kwa sindano nyembamba nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa, na usogeze mkono polepole. Kwa kawaida utaona kitu kati ya volti 0.5 na 4.5, ikipanda au kushuka bila kuruka. Ikiruka ghafla mpaka sifuri au tano katikati ya mwendo, sensa imechakaa. Baadhi ya magari hayana sensa ya aina hii bali swichi tu inayosema ndiyo au hapana, nayo huipima kwa omu.

Kuna ulaghai mmoja hapa unaohitaji jicho. Sensa inaweza kuwa nzima na vilango vizima, lakini kizuizi kinachousimamisha mkono mwisho wa safari yake kimelika, hivyo mkono unapita kidogo kuliko inavyotakiwa. Kompyuta inaona volti zilizo nje ya mipaka na kuandika P2015. Hilo limezoeleka sana kwenye injini za Volkswagen za lita 2.0, kiasi kwamba kuna kipande cha chuma kinachouzwa kwa ajili ya kuurudisha mkono kwenye mipaka yake. Kwa P2004 yako silitegemei sana, ila ukiona mkono una mchezo kwenye shafti, yaani mkono unazunguka kidogo kabla shafti haijafuata, hapo umepata ugonjwa.

Ni baada ya yote hayo ndipo tunafikia kufungua manifoldi. Utaifungua ikiwa mkono ulikwaruza kwa kidole, au pampu ilivuta na ikatulia lakini mkono haukufika mwisho, au unasikia mlio wa kitu kinachogongana ndani. Utakachokuta mara nyingi ni masizi yaliyochanganyika na mafuta, meusi na ya kunata, yameganda pembeni mwa vilango. Yanatoka kwenye moshi unaorudishwa na valvu ya EGR na kwenye mvuke wa mafuta wa mfumo wa kupumulia wa injini. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huchafuka zaidi kwenye valvu za kuingizia, kwa kuwa petroli haipiti tena hapo kuziosha.

Safisha ikiwa mezani. Kupuliza dawa kupitia throtoli injini ikiwaka, kama wengine wanavyopenda kufanya, kunaweza kulegeza mabonge yakaenda kwenye valvu, na ukimwaga dawa nyingi kwa pamoja kimiminika kinaweza kuingia silinda kikaizuia pistoni. Dawa zile pia hushika moto kwa urahisi kwenye injini yenye joto. Manifoldi ikiwa nje, tumia dawa isiyoharibu plastiki na kikwangulio cha plastiki. Brashi ya waya itachubua kingo ambazo vilango vinalalia. Matundu ya kichwa cha silinda yazibe kwa vitambaa safi wakati wote, na uvihesabu ukiviweka na ukivitoa. Mtingishe kila kilango, kisha shafti kwenye ncha zake. Mchezo ukiwa mkubwa, bushi zimekwisha, na hapo kusafisha ni kujifariji.

Hiyo ndiyo hali ambayo fundi wako wa kwanza anakuwa na haki: bushi zimekwisha, kilango kimekatika, mkono umevunjika na hauuzwi peke yake, au plastiki ina ufa. Injini ya Mercedes-Benz M272, kwa mfano, inafahamika kwa mkono wa plastiki unaovunjika, na wengi wamebadilisha manifoldi nzima kwa ajili yake. Ikifika huko, weka gasketi mpya, kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kipimo cha kitabu, kisha kompyuta ifundishwe upya mwanzo na mwisho wa vilango kama gari lako linadai hivyo. Usiporuka hatua hiyo ya mwisho utaepuka kurudi na P2015 kwenye manifoldi mpya.

Kuhusu kung'oa vilango: sikushauri. Wazo hilo lilipata umaarufu kwenye dizeli za BMW za M47 na M57, ambako vilango vilijulikana kukatika na kumezwa na injini, na mwenye gari akiviondoa alikuwa anaikinga injini yake. Shida yako haifanani na hiyo. Vilango vyako tayari vinabaki wazi, na ndiyo maana gari linatetemeka asubuhi na halivuti. Ukiving'oa utaifanya hali hiyo iwe ya kudumu, kompyuta itaendelea kuvitafuta na kuwasha taa, na uchafuzi wa moshi injini ikiwa baridi utaongezeka, jambo linaloweza kukuangusha popote gari linapopimwa moshi.

Kuendesha unaweza, kwa upole, wakati unapanga vipimo. Vilango vikiwa wazi bila kuvunjika, hasara yako ni nguvu kidogo chini na petroli zaidi. Mambo mawili yakitokea, simamisha gari: taa ya injini ikianza kumweka badala ya kuwaka tu, maana injini inamisi (silinda inakosa kuwaka) kiasi cha kuharibu katalitiki inayosafisha moshi, au ukisikia mlio wa kugongagonga kutoka kwenye manifoldi, hasa unaobadilika na mizunguko. Huo unaweza kuwa kilango au skrubu inayotafuta njia ya kwenda kwenye pistoni, na hapo hata safari ya kwenda gereji ifanywe kwa kuvutwa.

Ukimaliza kurekebisha, futa msimbo mara moja, liache gari lipoe usiku kucha, na asubuhi uwashe ukitazama mkono na usomaji wa nafasi kwenye skrini kwa pamoja. Amri na nafasi vikifuatana, liendeshe siku kadhaa ukilianza likiwa baridi kila mara, kisha usome misimbo inayosubiri hata kama taa haijawaka. Ikiwa hakuna kitu, kazi imekwisha. P2004 ikiwa imekaa pale ikisubiri, anza tena kwenye mpira kabla ya kurudi kwenye manifoldi, na uniandikie mkono ulifanya nini kwenye pampu na volti za ishara zilikuwa ngapi kwenye kila mwisho.